Miji Iliyojengwa Penye Maporomoko: Walatino wa Massachusetts

Jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, lina miji mikubwa na midogo 351, kila mmoja na serikali yake. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 7,029,917, na katika kila wanane mmoja alijitaja kuwa Mlatino, yaani mtu mwenye asili ya Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, El Salvador, Guatemala, Kolombia au nchi nyingine ya Amerika ya Kilatini. Mtu akisikia hesabu hiyo anaweza kudhani watu hao wametapakaa jimbo zima, huku kidogo na kule kidogo. Boston, mji mkuu, una Walatino wengi kwa idadi, lakini humo hawafiki hata moja ya tano ya wakazi. Huko Lawrence, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, ni wanane katika kila kumi na ziada. Chelsea, mji mdogo unaotenganishwa na Boston na mto tu, ni karibu wawili katika kila watatu. Holyoke, upande wa magharibi wa jimbo, ni kama nusu. Lakini vuka mpaka wa Lawrence uingie Andover, na hesabu inaporomoka mara moja, ingawa mvua inayonyesha Lawrence ndiyo inayonyesha Andover.

Kwa nini hapa na si pale? Wapo wanaosema watu hupenda kukaa na wenzao. Ni kweli, ila haielezi kwa nini wenzao wa kwanza walifika hapo. Kwa miji hii, habari inaanza na maji, tena zaidi ya miaka 100 kabla Mdominika wa kwanza hajashuka kwenye basi.

Mwaka 1845 matajiri wa Boston waliokwisha kupata utajiri wa viwanda vya pamba walianzisha kampuni iitwayo Essex Company na kununua mashamba pande zote mbili za mto Merrimack, mahali maji yalipokuwa yakishuka kwa kishindo juu ya miamba. Hawakuwa wakitafuta mahali pa kuishi. Walitaka nguvu ya kuzungusha mashine. Kampuni ikajenga bwawa la mawe ya matale kukatiza mto wote, kazi iliyokamilika 1848, ikachimba mfereji sambamba na ukingo, na kando ya mfereji vikapandishwa viwanda vya matofali vyenye ghorofa nyingi kama ngome. Mji ukapewa jina la Abbott Lawrence, mmoja wa wenye mali. Waliobeba mawe ya bwawa walikuwa Wairishi waliokimbia njaa kwao. Tangu siku ya kwanza, basi, Lawrence ulikuwa mji uliobuniwa na watu wa Boston na kujengwa na wageni kutoka ng'ambo.

Hatari za mji huo zilionekana mapema. Jioni ya Januari 10, 1860, kiwanda cha Pemberton kilianguka ghafla wafanyakazi wakiwa ndani. Waokoaji walipokuwa wakifukua vifusi gizani, taa moja ikaangukia pamba na mafuta, na moto ukawamaliza wengi waliokuwa bado wanaita kutoka chini. Wachunguzi walikuta nguzo za chuma zilikuwa mbovu tangu zilipotoka kalibuni.

Hata hivyo viwanda viliongezeka. Wairishi wakafuatwa na Wakanada wasemao Kifaransa, Wajerumani, Waitaliano, Wapolandi, Walithuania, Wasiria na Walebanoni. Kufikia 1920 mji wenye eneo dogo mno ulikuwa na watu 94,270. Kampuni kubwa kuliko zote, American Woolen, ilitengeneza vitambaa vya sufu vilivyovaliwa nchi nzima, na juu ya kiwanda chake cha Ayer iliweka saa ya mnara ambayo uso wake ni mdogo kidogo tu kuliko ule wa saa maarufu ya Bunge la London. Saa hiyo ilitazamwa na watu ambao kila dakika yao ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Januari 1912 ilianza kazi sheria mpya ya jimbo iliyopunguza wiki ya kazi ya wanawake na watoto kutoka saa 56 hadi 54. Ilikuwa sheria ya huruma. Wenye viwanda waliitii kwa namna yao: walipunguza saa mbili, wakapunguza na ujira wa saa mbili. Tarehe 11 wanawake wa Kipolandi katika kiwanda cha Everett walifungua bahasha zao za mshahara wakakuta senti 32 hazipo. Kwa familia iliyokuwa ikila mkate na maharage, senti 32 zilikuwa mikate kadhaa ya juma zima. Wakazima mashine na kutoka nje. Kesho yake kiwanda kimoja baada ya kingine kikafuata, na kabla ya juma kwisha maelfu kwa maelfu walikuwa barabarani kwenye theluji, wakisema lugha zaidi ya ishirini.

Viongozi wa vyama vikubwa vya wafanyakazi walikuwa wakisema watu wa lugha nyingi namna hiyo hawawezi kushikamana. Walishikamana kwa miezi miwili. Kila mkutano ulitafsiriwa na wakalimani wao wenyewe. Watoto walipelekwa kwa treni kwenda kulelewa na familia za wafanyakazi New York, na polisi walipowapiga akina mama kituoni Februari 24 kuwazuia wasipeleke kundi jingine, magazeti ya nchi nzima yalichafuka. Bunge la Marekani likaitisha ushahidi. Kati ya waliosimama mbele ya wabunge alikuwa msichana wa Kiitaliano, Camella Teoli, aliyeeleza jinsi mashine ya kusokota ilivyomnyofoa nywele pamoja na ngozi ya kichwa, na kwamba alianza kazi hiyo kabla ya umri wa kisheria, kwa karatasi ya umri iliyonunuliwa. Machi wenye viwanda wakakubali kuongeza mishahara.

Nimekaa kwenye mgomo huu kwa makusudi. Leo Lawrence inauadhimisha kila mwaka, na wajukuu wa wagomaji wanajivunia. Wakati ule, watu hao hao waliandikwa kuwa ni wachafu, wajinga wa Kiingereza, wazaaji kupita kiasi, watu wasioweza kamwe kuwa Wamarekani. Maneno hayo yaliwekwa akiba. Yalitolewa tena miaka sabini baadaye, bila kubadilishwa hata nukta, yakarushiwa wengine.

Viwanda vilianza kuondoka kabla Walatino hawajafika, na jambo hili lazima lishikwe vizuri, maana mengi yaliyosemwa baadaye yaligeuza mpangilio wake. Wenye mali walivutwa na majimbo ya kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo na vyama vya wafanyakazi vilikuwa dhaifu, na nyuzi za viwandani zikaanza kuchukua nafasi ya sufu. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia milango ya Lawrence ilifungwa mmoja mmoja. Mwaka 1955 American Woolen yenyewe ikaunganishwa na Textron, na jina lililokuwa limelisha mji likawa kumbukumbu. Serikali nayo ikajenga barabara kuu mbili zinazokutana karibu na mji, na kando yake, kwenye mashamba ya North Andover na Andover, vikachipuka viwanda vipya vya vifaa vya umeme na ofisi. Mwenye gari na mkopo wa nyumba alihama. Lawrence iliyokuwa na watu 94,270 ilibaki na 63,175 katika sensa ya 1980.

Waliohama hawakuacha mlango wazi nyuma yao. Halmashauri za vitongoji zilipitisha kanuni za ujenzi zilizotaka kila nyumba iwe na kiwanja kikubwa, na kukataza nyumba za kupangisha zenye familia nyingi. Hakuna kanuni iliyotaja rangi wala lugha, na hapakuwa na haja. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1969 bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuruhusu wajenzi wa nyumba za bei nafuu kuzipita kanuni hizo. Ilisaidia, ila taratibu. Mtu mwenye kipato kidogo aliyefika bonde la Merrimack miaka ya 1960 na 1970 aliweza kupanga sehemu chache tu, kama vile katika nyumba za mbao za ghorofa tatu za Lawrence, zilizojengwa kwa ajili ya Waitaliano na Walithuania wa mgomo.

Walatino wenyewe walifikaje? Hapa tuhamie magharibi, kwenye mto mwingine.

Mto Connecticut unapita Holyoke, na Holyoke nao ulijengwa na matajiri wa Boston. Bwawa lao la kwanza, la mbao, lilisombwa na maji siku ile ile lilipofungwa, Novemba 1848. La pili likashika mwaka uliofuata. Mifereji mitatu ikapangwa kwa ngazi, maji ya wa juu yakizungusha mtambo kisha kuangukia wa chini yake, yakafanya kazi mara mbili na tatu kabla ya kurudi mtoni. Holyoke ikawa mji wa karatasi, moja ya sehemu zilizoongoza kwa karatasi nzuri ya kuandikia, na watu wake wakafika 60,203 mwaka 1920. Wapenzi wa michezo huenda wanaujua kwa jambo jingine: mpira wa wavu ulibuniwa hapo mwaka 1895 na mwalimu wa mazoezi, William G. Morgan.

Kusini kidogo ya Holyoke, katika bonde hilo hilo, kulikuwa na mashamba ya tumbaku ya aina yake. Jani lake lilitumika kufungia sigara kubwa za bei ghali, kwa hiyo halikutakiwa kuwa na doa wala kuchomwa na jua. Wakulima walifunika mashamba kwa vitambaa vyeupe vilivyotandazwa juu ya nguzo, ekari baada ya ekari, na chini ya vitambaa hivyo, katika joto na unyevu, watu walipita wakivuna jani moja moja kwa mkono. Baada ya vita kazi hiyo ilikosa mikono.

Mikono ikapatikana Puerto Rico. Kisiwa hicho kilitekwa na Marekani kutoka Hispania mwaka 1898, na tangu 1917 watu wake ni raia wa Marekani, hivyo hawahitaji viza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kisiwa ilianza mpango mkubwa wa kuleta viwanda. Kilimo cha miwa kikashuka, viwanda havikutosha kuwapokea waliotoka mashambani, na serikali yenyewe ikaona kuhama ni sehemu ya dawa. Idara yake ya kazi ilisimamia mikataba: mwanamume anapanda ndege, anavuna msimu mmoja, anarudi. Wengi walirudi. Wengine msimu ulipokwisha walitembea hadi Holyoke na Springfield, ambako viwanda vya karatasi vilivyobaki vilihitaji watu wa zamu za usiku, wakaandikia wake zao waje. Hiyo ndiyo mbegu. Leo hakuna mji katika bara la Marekani wenye sehemu kubwa ya Wapuertoriko kuliko Holyoke, na chanzo chake ni jani la tumbaku na tangazo la kazi. Waliitwa. Sisitizo ni langu, kwa sababu wakati wa kuwalaumu ulipofika hakuna aliyekumbuka mwito huo.

Miaka ya 1970 na 1980 Holyoke iliwaka moto, na hapa sisemi kwa mfano. Wenye nyumba ambao hawakupata tena faida kwenye kodi waliacha majengo yaharibike, na moto ukafuata moto katika mitaa ya South Holyoke na Flats, ambako Wapuertoriko ndiko walikopangishwa. Mwaka 1982 wakazi wakaunda shirika lao, Nueva Esperanza, wakaanza kununua majengo yaliyotelekezwa na kuyakarabati jengo kwa jengo. Mapambano ya kura yalikuwa marefu kuliko ya nyumba: wakati madiwani wengi walichaguliwa na mji mzima badala ya kata, kura za mitaa ya chini zilimezwa na za mitaa ya mlimani, na suala hilo likafika mahakama za shirikisho miaka ya 1990.

Kuna ukurasa mmoja wa Holyoke unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2002 kulikuwa na mpango wa kuwapokea hapo baadhi ya Wabantu wa Somalia, wakimbizi waliokuwa kambini Kenya. Hawa ni wazao wa Wazigua, Wayao, Wamakua na wengine waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa bonde la mto Juba. Hadi leo wapo kati yao wanaosema Kizigua, na wengine waliorudi Tanga walipewa uraia wa Tanzania. Madiwani wa Holyoke waliupinga mpango huo wakisema mji ni maskini na hauwezi kubeba mzigo zaidi. Familia kadhaa zikaishia kukaa Springfield, mji wa jirani. Kwamba Holyoke ilikuwa maskini ni kweli tupu. Lakini inauma kuona mji uliojengwa na waliokimbia njaa ukitumia, dhidi ya Wazigua, hoja ile ile iliyowahi kutumiwa dhidi ya kila kabila lake.

Lawrence nayo ilipokea Wapuertoriko tangu miaka ya 1950, kisha Wakuba wachache, kisha Wadominika, ambao ndio waliogeuka kuwa wengi. Chanzo cha safari yao ni siasa. Mei 1961 dikteta Rafael Trujillo, aliyekuwa amebana hata utoaji wa pasipoti kwa miaka 30, aliuawa. Aprili 1965 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Santo Domingo na Marekani ikatuma majeshi yake. Ubalozi ukaanza kutoa viza kwa wingi, na mwaka huo huo sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani ikafungua njia ya kuitana kwa undugu. Wengi walitua New York kwanza. Miaka ya 1970 New York ilikuwa imefilisika, mitaa ya Bronx inaungua, na habari zikafika kwamba kaskazini kuna mji mdogo wenye kazi za kushona viatu na nguo, kodi ndogo na shule karibu. Mmoja akaja, akamwita shemeji, shemeji akamwita mama. Kuna mji mdogo wa kaskazini mwa Jamhuri ya Dominika uitwao Tenares ambako karibu kila ukoo una mtu Lawrence, na fedha zinazotumwa zimejenga nyumba huko.

Kazi walizokuta zilikuwa makombo ya uchumi uliohama: karakana za nguo na viatu zilizobaki kwa sababu tu zililipa ujira mdogo. Walatino hawakuvifukuza viwanda Lawrence. Walivishika mkia vya mwisho vikichelewa kuondoka. Hata hivyo mzawa aliyezaliwa mjini, aliyeona baba yake akipoteza kazi, kanisa la parokia yake likifungwa na mtaa wake ukibadilika lugha, aliona mambo mawili kwa pamoja akayaunganisha: wamekuja, na mji umekufa.

Agosti 1984 chuki hiyo ililipuka. Katika mtaa wa Lower Tower Hill, mahali penye msongamano wa nyumba za mbao, ugomvi wa majirani ulikua ukawa mapigano ya mamia kwa mamia. Kwa usiku mbili Walatino upande mmoja na weupe upande mwingine walirushiana mawe na chupa za petroli. Duka la pombe liliteketea. Waliokuwepo walisimulia kelele za kuwataka Walatino warudi kwao, maneno yaliyoelekezwa pia kwa Wapuertoriko, raia wa Marekani tangu kuzaliwa. Mji ukatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Waandishi wa habari wakafika, wakaandika juu ya mji ulioharibika, wakaondoka.

Yaliyofuata hayakuwa na kamera. Isabel Melendez, mwanamke wa Kipuertoriko aliyekuwa mwanzilishi wa sherehe za kila mwaka za Semana Hispana, alikuwa kati ya waliopita nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa namna ambayo haionekani kwenye takwimu: mtu anayefanya zamu mbili hana saa ya kwenda kujiandikisha, na akifika kituoni akamkuta msimamizi asiyejua Kihispania, anageuka kurudi nyumbani. Mwaka 1998 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Lawrence kwa sababu hiyo, na mwaka uliofuata mji ukakubali kuajiri wasimamizi wa vituo wanaosema Kihispania. Mwaka 2001 Melendez aligombea umeya, akaongoza duru ya mchujo na kushindwa ya mwisho. Wakati huo Walatino walikuwa tayari asilimia 60 ya wakazi.

Shule zilikuwa uwanja mwingine. Massachusetts ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza nchini, mwaka 1971, kuagiza kwa sheria kwamba watoto wasiojua Kiingereza wafundishwe kwa lugha yao huku wakijifunza Kiingereza. Mwaka 2002 wapiga kura wa jimbo waliifuta kwa kura ya maoni. Ilichukua miaka 15 kabla bunge halijazirudishia shule uhuru wa kuchagua, mwaka 2017. Kizazi kizima cha watoto wa Lawrence, Holyoke na Chelsea kilisoma katikati ya kipindi hicho, na mimi naona hilo ni kosa lililofanywa na watu ambao hawakulilipia wenyewe.

Si kila tajiri aliondoka. Usiku wa Desemba 11, 1995, kiwanda cha Malden Mills, kilichokaa Methuen kwenye mpaka wa Lawrence, kiliungua vibaya. Mwenyewe, Aaron Feuerstein, alikuwa na umri wa miaka 70 na angeweza kuchukua fedha za bima akapumzika. Alitangaza atajenga upya pale pale, akaendelea kuwalipa wafanyakazi wake, Wadominika wengi wakiwemo, kwa miezi kadhaa bila kazi. Baadaye kampuni ilielemewa na madeni ikafilisika, na uzalishaji ukahamishwa jimbo jingine. Wafanyakazi hawakumsahau.

Chelsea ilipita njia fupi zaidi. Ni mji wa bandari na maghala, wenye eneo dogo ajabu, uliowahi kuungua mara mbili, mwaka 1908 na 1973. Mwaka 1991 ulifilisika kabisa. Jimbo likamwondoa meya, likaweka msimamizi, jambo ambalo halikuwahi kutokea Massachusetts tangu mdororo wa miaka ya 1930. Wakati huo familia za Wasalvadori, Wahondurasi na Waguatemala zilizokimbia vita na umaskini zilikuwa zinajaza nyumba zake, na mji uliposimama tena 1995 ulisimama juu ya kodi zao. Hao ndio wanaosafisha ofisi za Boston usiku na kupika katika mikahawa yake. Walipoambiwa mwaka 2020 wabaki majumbani kwa sababu ya korona, kazi zao hazikuwa za kubaki nyumbani, na Chelsea ikawa na kiwango cha juu kabisa cha maambukizi jimboni. Shirika la wakazi, La Colaborativa, chini ya Gladys Vega, liligeuza ofisi kuwa ghala la chakula. Foleni ilizunguka mtaa. Novemba hiyo mji ukaanza kuzipa familia kama 2,000 kadi za fedha, hadi dola 400 kwa mwezi, wanunue wanachohitaji wenyewe.

Lawrence ilipata meya wake wa kwanza Mlatino aliyechaguliwa, tena wa kwanza katika jimbo zima, Novemba 2009: William Lantigua, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Alikuta hazina tupu, na jimbo likaukopesha mji huku likiweka mkaguzi wa fedha. Mwaka 2011 jimbo likachukua na shule. Utawala wake ulijaa mivutano na uchunguzi, na mwaka 2013 alishindwa kwa kura zisizofika 100 na Dan Rivera, mtoto wa mama Mdominika na baba Mpuertoriko. Walioona aibu katika habari hiyo wanasahau mameya wa Kiairishi wa zamani na vituko vyao. Mimi naona mji ambamo Walatino wawili waligombana kwa hoja na kura, na mmoja akashindwa, akaondoka.

Alasiri ya Septemba 13, 2018, nyumba zilianza kulipuka. Kampuni ya Columbia Gas ilikuwa ikibadilisha mabomba ya chuma ya zamani kusini mwa Lawrence. Vipima shinikizo viliachwa vimeunganishwa na bomba kuukuu lililokwisha kufungwa; shinikizo humo liliposhuka, vikatoa ishara kwamba gesi haitoshi, na mtambo ukasukuma gesi nyingi kupita kiasi katika mabomba mapya yaliyokuwa yakihudumia nyumba. Majiko yalitema moto Lawrence, Andover na North Andover. Kijana wa miaka 18 alifariki baada ya dohari ya nyumba kuangukia gari alilokaa ndani yake. Wengine zaidi ya 20 waliumia, na maelfu ya nyumba yalikaa bila gesi hadi baridi kali ikaingia. Kampuni ilikiri kosa mahakamani mwaka 2020, ikatozwa faini ya dola milioni 53 na kuondoka jimboni.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Lawrence na Andover kuwa katika balaa moja, na mbele ya kamera alisimama Rivera, akitoa taarifa kwa Kiingereza na Kihispania.

Novemba 2021 Holyoke ilimchagua Joshua Garcia, Mpuertoriko wa kwanza kuwa meya wake. Miaka minne kabla, kimbunga Maria kilipoharibu Puerto Rico, shule za Holyoke zilipokea watoto wa kisiwani zaidi ya 200, wakaketi madarasani na binamu zao.

Na Lawrence, mji ulioandikwa mara nyingi kuwa umekufa, ulihesabiwa watu 89,143 katika sensa ya 2020. Katika sensa zote za shirikisho tangu mji ulipoanzishwa, ni ile ya 1920 pekee iliyokuta watu wengi zaidi.